Enzi za Hare Hare Yukai

Kila mwaka una wimbo wake, na wangu wa 2006 uliimbwa na wasichana watatu wa Kijapani. Sogeza kiti, ndugu yangu, chai bado ya moto, nikusimulie. Wimbo wenyewe unaitwa Hare Hare Yukai. Ulikuwa wimbo wa kufungia katuni, ule unaopigwa majina ya watengenezaji yanapopita, saa ambayo watu wazima wanainuka kuosha vikombe na watoto wanaambiwa wakalale. Nani hubaki kuusikiliza wimbo wa namna hiyo? Lakini kwa huu watu walibaki. Kisha wakasimama. Kisha wakaanza kucheza, na ngoma ikatoka sebuleni, ikaingia viwanja vya vyuo, ikafika mpaka katikati ya barabara za Tokyo, na hakuna aliyewatuma.

Wakati huo nilikuwa Japani kwa masomo, nywele zangu bado nyeusi zote. Nilipanga chumba Nishinomiya, mji uliobanwa kati ya Osaka na Kobe, milima ya Rokko kwa nyuma na bahari kwa mbele. Nyumba ilikuwa ya bibi mmoja mjane ambaye jina langu lilimshinda kabisa kulitamka, akaamua kuniita Tanzania-san. Nikaitika. Asubuhi nikishuka ngazi: "Tanzania-san, umekula?" Jioni nikirudi: "Tanzania-san, baridi hii, vaa soksi." Chumba changu kilitandikwa mikeka ya tatami, na mvua ikinyesha kilinukia majani makavu hadi mtu anasinzia. Nje, hatua chache tu, palikuwa na njia ya reli. Kizuizi kikishuka, kengele inalia kan-kan-kan-kan, halafu treni ya Hankyu inapita, mabehewa rangi ya damu ya mzee yanang'aa utadhani yamepakwa mafuta asubuhi ile, na ndani viti vya mahameli ya kijani. Treni ile ndiyo iliyonipeleka kila mahali nitakapokutajia, isipokuwa Tokyo.

Bibi alikuwa na mapenzi mawili: marehemu mumewe na timu ya besiboli ya Hanshin Tigers. Uwanja wao, Koshien, uko mji huohuo wa Nishinomiya. Usiku wa mechi alifungua redio jikoni huku anachoma samaki, akiwagombeza wachezaji mmoja mmoja kwa majina, na moshi wa samaki na makelele ya washangiliaji vikapanda pamoja hadi chumbani kwangu. Kwenye ukuta wa ngazi palikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa plasta ya rangi tofauti. Uliachwa na tetemeko kubwa la 17 Januari 1995, ambalo liliupiga mji ule vibaya sana. Hakutaka ufa ule upakwe rangi ukafichika. Alisema nyumba ikipata kovu, iachwe nalo.

Chumba cha pili alikaa kijana mwanafunzi wa uhandisi, mwembamba, mpole, ambaye mchana huwezi kumwona na usiku halali. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye mambo haya. Huko Japani anime, yaani katuni zao, nyingi za vijana huonyeshwa usiku wa manane, na hii yenye wimbo wangu haikubahatika hata kuwa kwenye mitandao mikubwa ya televisheni. Ilirushwa na vituo vidogo vya mikoani. Ilianza 2 Aprili 2006 kwenye televisheni ya Chiba, upande wa Tokyo, kisha ikatufikia sisi wa magharibi. Usiku ule kijana alinigongea mlango, mkononi ana mfuko wa vibisikuti vya mchele. "Tanzania-san, tafadhali njoo uone."

Nikaenda, nikaona maajabu. Picha inatikisika, rangi zimefifia, msichana amevalia nguo za mhudumu wa hoteli anakimbia huku na huko na kusema maneno yake utadhani anasoma ubaoni. Nikamwambia jirani yangu televisheni yake imekufa. Akacheka hadi akapaliwa. Kumbe walikusudia. Ndani ya hadithi kuna wanafunzi waliotengeneza filamu yao mbovu, na waongozaji wakaamua kuianza katuni nzima kwa kuonyesha filamu ile mbovu, bila kumwandaa mtazamaji hata kidogo. Wala hawakuishia hapo. Vipindi vyote 14 walivipangua: tukio la mwisho likaja katikati, la katikati likaja mwisho. Ilibidi watu wakae na kalamu wapange wenyewe nini kilitangulia nini. Ulikuwa mtihani, na ilikuwa raha.

Hadithi ilitoka katika riwaya za Nagaru Tanigawa, ya kwanza ilichapishwa mwaka 2003. Haruhi Suzumiya ni msichana wa sekondari aliyechoshwa na maisha ya kawaida. Siku ya kwanza darasani anasimama na kutangaza kwamba binadamu wa kawaida hawamhusu. Anatafuta viumbe wa sayari nyingine, wasafiri wa wakati ujao na watu wenye nguvu za ajabu. Anaunda chama, anawaingiza wenzake wanne kwa nguvu, na asichokijua ni kwamba watatu kati ya hao wanne, Yuki, Mikuru na Koizumi, ndio hasa anaowatafuta. Wa nne, Kyon, ni mvulana wa kawaida mwenye kulalamika kutwa, na yeye ndiye msimulizi. Tena yule Haruhi mwenyewe, pasipo kujua, ana uwezo wa kuugeuza ulimwengu mzima akinuna. Basi kazi ya wale wenzake ni kuhakikisha hachoki na maisha.

Kilichonikalisha mimi pale ni jambo jingine. Kipindi kimoja walionyesha wale vijana wanakutana mbele ya stesheni. Nikatazama. Nikasogea karibu na kioo. Ilikuwa stesheni yetu! Nishinomiya-Kitaguchi, na uwanja wake, na treni zetu za damu ya mzee zinapita nyuma. Tanigawa ametoka pande zile, na wachoraji walikuja wakapiga picha mitaa, wakaichora ilivyo. Nilishuka ngazi mbio nikamwita Bibi. Alikuja na kanzu yake ya kulalia, akavaa miwani, akakaza macho. "Hapo ndipo ninaponunua tofu," alisema, akarudi kulala. Kwake mambo yaliishia hapo, lakini asubuhi nilimsikia akimwambia jirani uani kwamba mtaa wao umeingia kwenye televisheni.

Ile shule yao iliyo juu ya mlima nayo ipo, unateremka stesheni ya Koyoen na kupanda kilima kirefu mpaka magoti yanalalamika. Kabla ya kiangazi kwisha nilianza kuwaona vijana wageni na kamera zao wakikipanda kilima kile, wakisimama kila kona, wakilinganisha ukuta na picha waliyoishika. Kina mama waliokuwa wakifagia mbele ya nyumba zao waliduwaa.  Hawa wanakwenda kuhiji nini?

Sasa nije kwenye ngoma yenyewe. Kwa kawaida wimbo wa kufungia katuni hutengenezwa kwa bei poa. Wanaweka picha moja nzuri ya msichana anatazama machweo, wanaisogeza taratibu, majina yanapita, basi. Sababu yake inaeleweka. Filamu ina picha 24 kila sekunde. Hata ukiutumia mchoro mmoja kwa picha mbili au tatu, mwendo laini wa mwili mzima wa watu watano unakula michoro isiyohesabika, na yote lazima ichorwe, isafishwe, ipakwe rangi. Kampuni yenye akili ya biashara haimalizii nguvu zake kwenye dakika moja na nusu ambayo watu wanakwenda kulala. Lakini Kyoto Animation, waliotengeneza katuni hii, walizimaliza hapo. Waliwasimamisha wale wanafunzi watano kwa sare zao za shule na kuwachezesha ngoma ya kweli: Haruhi mbele, Yuki na Mikuru ubavuni, Kyon na Koizumi nyuma. Kidole juu, mikono kulia, mikono kushoto, kiuno, mzunguko, na tena kidole juu.

Na kila mmoja alicheza kwa tabia yake, hilo ndilo lililonikamata. Haruhi anacheza kwa kifua mbele, amejaa. Mikuru anacheza kwa woga, utadhani anaogopa kumkanyaga mtu. Yuki uso wake haucheki wala haununi, hatua zinatoka zote sawasawa na macho yamebaki palepale. Kyon anacheza kama aliyeambiwa asipocheza hapati chakula. Koizumi anatabasamu tangu mwanzo hadi mwisho. Hatua ni zilezile, watu watano mbalimbali. Mwongozaji mkuu alikuwa Tatsuya Ishihara. Yutaka Yamamoto ndiye anayetajwa kuwa alizibuni hatua zile. Maneno ya wimbo ni ya Aki Hata, tuni ni ya Tomokazu Tashiro, na sauti ni za waigizaji walewale wa kike waliowasemea Haruhi, Yuki na Mikuru: Aya Hirano, Minori Chihara na Yuko Goto.

Tatizo ni kwamba kwenye televisheni ngoma haikuonyeshwa yote. Inaanza, inakatizwa na picha nyingine, inarudi, mara kamera imesogea usoni na miguu huioni. Wangeionyesha nzima, nadhani watu wangeitazama wakaridhika. Kwa kuwa walionyesha vipande, watu walishikwa na kiu ya kuvitafuta vingine. Jirani yangu alikuwa na daftari la hesabu, la viboksi vidogo. Alirekodi kipindi, akakisimamisha picha baada ya picha, na katika kila kiboksi akachora kijitu cha vijiti: mkono hapa, goti hapa, kisigino kimegeuka hivi. Palipokosekana aliacha kiboksi kitupu. Siku moja alikuja amefurahi kuliko siku niliyomwona amefaulu mtihani: kwenye kipindi kipya amepata visigino viwili alivyokuwa akivitafuta.

YouTube ilikuwa changa wakati huo, picha zake ndogo na zenye ukungu. Vijana walijirekodi wakicheza, wakaziweka video huko, wengine wakazitazama na kusahihisha: hapana, mkono wa kushoto unatangulia. Oktoba mwaka huohuo vyama vya wenye haki za kazi za Japani viliomba video zenye kazi hizo ziondolewe, na karibu video 30,000 zilifutwa kwa mkupuo. Vilivyorekodiwa kutoka kwenye televisheni vikawa vinatoweka ovyo, leo unakiona, kesho hakipo. Kijana wangu hakutishika. Alikuwa na daftari lake.

Sahani ya wimbo iliuzwa kuanzia 10 Mei 2006. Wapenzi wake walihamasishana wainunue kwa wingi ipande juu kabisa ya orodha ya mauzo ya Oricon, na iliingia nafasi ya 5, juu ya wanamuziki wenye majina na mabasi ya matangazo. Jirani yangu alinunua zaidi ya moja, nyingine akampa Bibi. Bibi hakuwa na mashine ya kuichezea. Aliiweka kabatini kando ya picha ya mumewe, akaifuta vumbi kila alipoifuta picha.

Agosti ikaingia. Kama hujawahi kukaa Japani mwezi wa Agosti, nikwambie joto lake halina tofauti na la Tanga kabla ya mvua, ila wao wanaongezewa nyenje. Nyenje wanapiga kelele mitini tangu alfajiri, mwiiin mwiiin, mpaka huwezi kusikia simu. Ndio mwezi wa kuwakumbuka marehemu, na mitaa hufanya ngoma ya bon. Wanasimamisha jukwaa la mbao katikati ya uwanja, juu yake ngoma kubwa, taa za karatasi zimening'inizwa pande zote, na watu wanazunguka kwa duara, wote kwa hatua moja. Bibi alivaa vazi la yukata la buluu, akanivalisha na mimi la marehemu mumewe, likaniishia juu ya vifundo vya miguu. Tukaingia duarani. Hakuna aliyenifundisha kwa mdomo. Mbele yangu alikuwa mzee wa miaka mingi, nyuma yangu mtoto. Mimi ninamwiga mzee, mtoto ananiiga mimi. Kwa mzunguko wa tatu mikono ilikuwa imekwishajua.

Tulipopumzika, tunakula mahindi ya kuchoma yaliyopakwa mchuzi wa soya, vijana kadhaa kando ya uwanja wakaanza Hare Hare Yukai bila muziki, wanaimba kwa midomo tu. Wazee wengine walisonya. Bibi aliwatazama sana, kidole chake kinagonga goti. Akaniambia: "Nao wamepata bon yao." Mpaka leo sijasikia aliyeieleza ngoma ile vizuri kuliko yeye.

Mimi nilimwelewa upesi kwa sababu ya nilikotoka. Nimekulia Tanga, na sisi tulikulia katika mitindo ya bendi. Atomic Jazz walikuwa na Kiweke chao. Kutoka Dar es Salaam wakaja Western Jazz na Saboso, na Morogoro wakawa na Sululu. Bendi haikuwa bendi mpaka iwe na mtindo, na mtindo haukuandikwa popote. Kaka zetu waliurudisha kutoka dansini Jumamosi usiku, Jumapili tukaujifunza nyuma ya nyumba, na Jumatatu mtoto asiyeujua alikuwa peke yake shuleni. Yule kijana wa Kijapani na daftari lake la viboksi nilimtambua. Alikuwa mmoja wetu, tofauti ni kwamba kaka yake aliyemletea mtindo alikuwa mchoro.

Nikupeleke sasa Minoh, maana huko ndiko mambo yalikonoga. Pembeni mwa Osaka, juu mlimani, kilikuwepo Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, na chuo hicho kilifundisha Kiswahili. Ndiyo, ndugu yangu, Kiswahili kabisa, ngeli zote, na methali. Nilikuwa ninapanda huko kuwasaidia wanafunzi matamshi. Walinipokea kwa "Shikamoo kaka!" kwa sauti moja, asubuhi, na mchana, na nikitoka msalani vilevile, kwa sababu kitabuni walisoma kwamba heshima haizidi. Walitamka "ng'ombe" wakakunja nyuso zote kwa juhudi, na wakipatia wanapigiana makofi.

Chuo kile kilikuwa na desturi nzuri: kila vuli wanafunzi wa kila lugha huigiza tamthilia kwa lugha wanayoisoma. Kwa hiyo mwezi wa Novemba, kwenye jukwaa la mlimani, baridi imeanza kuuma, ungesikia Kiajemi, kisha Kihungari, kisha Kiswahili. Tulifanya mazoezi hadi usiku katika chumba kilichonukia mafuta ya taa ya jiko la kuotea moto. Binti mmoja aliigiza mama mkwe, amejifunga khanga na kushika kiuno, na alipotamka "Mwanangu, huyu mwanamke gani asiyejua kupika wali?" nilisikia shangazi zangu wote wanasema kwa mdomo wake.

Onyesho likaisha, tukapigiwa makofi, tukatoka nje uwanjani, na hapo kila kundi la wanafunzi lilikuwa linacheza Hare Hare Yukai. Mwaka ule hapakuwa na sherehe ya chuo isiyokuwa nayo. Waigizaji wangu wakataka nao. Lakini ngoma ile ni ya watu watano, na waliokuwa tayari ni wanne. Wa tano alikuwa mvulana mwenye haya, aliyeshughulikia taa tu. Wakamvuta mkono. Akakataa, akasema hajui, akasema viatu vyake vibovu. "Basi wewe ndiye Kyon!" wakampigia kelele, na kweli, kukataa kwake ndiko kulikomfaa. Akacheza kwa kununa, na kadiri alivyonuna ndivyo watu walivyoshangilia. Mama mkwe akawa Haruhi, na khanga yake bado kiunoni. Nimeona ngoma nyingi maishani, lakini ngoma ya Kijapani ndani ya khanga, chini ya miti ya majani mekundu, wachezaji wakihesabu "moja, mbili, tatu" ili wasipishane, hiyo niliiona mara moja tu.

Mwaka huohuo, kwenye tuzo za Animation Kobe, wimbo ule ulipewa tuzo ya Radio Kansai ya wimbo bora wa anime. Machi 2007 waigizaji wenyewe wakaupandisha jukwaani, Omiya, mkoa wa Saitama, kwenye ukumbi wa Sonic City, wakacheza hatua zilezile zilizochorwa. Jirani yangu alipanda basi la usiku kwenda huko na akarudi kwa basi la usiku, sauti imemkauka. Alipokuwa akinisimulia alitumia mikono tu.

Nilipofika Tokyo baadaye, Jumapili moja, nilikwenda mtaa wa Akihabara kujionea ngoma ile. Siku zile Jumapili magari yalizuiwa katika barabara kuu ya Chuo-dori, na watu wakaimiliki lami yote. Palinukia siagi ya vibanda vya chapati nyembamba na joto la nyaya za umeme. Kila duka linapiga wimbo wake na mlangoni mtu na kipaza sauti. Na katikati, vijana. Mmoja aliweka redio chini, akabonyeza. Waliokuwa wakipita wakatua mifuko yao. Hawakujuana, nina hakika, maana waliinamiana kusalimiana kabla ya kuanza. Kumi, ishirini, wakawa umati, wote kidole juu. Kabla ubeti wa pili haujamalizika, polisi wawili wakaja kuwaomba watawanyike, kwa adabu, kwa mkono ulionyooshwa. Wakaokota mifuko, wakainamiana tena, wakaenda. Hatua mia mbili mbele nikaisikia redio ileile inaanza upya.

Barabara hiyo ilipatwa na msiba. Jumapili ya 8 Juni 2008 mtu mmoja aliivamia kwa lori na kisu, watu 7 wakauawa. Utaratibu wa kufunga barabara ukasimamishwa, na uliporudi Januari 2011 ulirudi na masharti: hakuna maonyesho, hakuna kukusanya umati. Siwalaumu waliopanga hivyo. Waliomwagikiwa na damu mlangoni mwao wana haki ya kuogopa. Lakini ngoma ya barabarani ikawa imekwisha.

Chuo changu cha mlimani nacho kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka Oktoba 2007, na mwaka 2021 kampasi ile ya Minoh ikahamishwa kushukia bondeni, kwenye majengo mapya ya vioo. Kiswahili bado kinafundishwa, namshukuru Mungu. Lakini jukwaa lile, na lile jiko la mafuta ya taa, na miti ile mekundu, havikuhama. Bibi alifariki nikiwa nimesharudi nyumbani. Jirani yangu wa uhandisi ndiye aliyeniandikia.

Kisha ikaja 18 Julai 2019. Nilikuwa Tanga, mchana, nasikiliza habari, nikasikia Kyoto Animation. Mtu alikuwa amewasha moto wa petroli katika studio yao moja, mjini Kyoto. Walikufa watu 36. Lazima nikueleze kampuni ile ilikuwa ya namna gani ili ujue kilichopotea. Iliasisiwa mwaka 1981 Uji, mji wa chai, karibu na Kyoto. Mama mmoja, Yoko Hatta, aliyewahi kupaka rangi katuni Tokyo, aliolewa huko, akawakusanya akina mama wa jirani akawafundisha kazi, wakawa wanapaka rangi picha za studio nyingine. Kutoka kwa akina mama hao ikakua kampuni. Wakati kwingineko wachoraji wengi walilipwa kwa mchoro mmoja mmoja, hao waliwaajiri watu wao kwa mshahara, wakawafundisha wenyewe, mkubwa akimshika mkono mdogo. Ndiyo maana waliweza kuchora ngoma ile: walikuwa na watu wa kukaa nayo.

Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Shoko Ikeda, ndiye aliyezibuni sura za Haruhi na wenzake kwa ajili ya katuni. Nilitoa kiti uani nikakaa. Kalamu yake ndiyo iliyoamua Yuki asitabasamu, na Mikuru aogope, na Kyon anune. Maelfu ya watu wanazijua hatua zile kwa miili yao, na wengi wao jina lake hawajawahi kulisikia, kwa sababu wakati jina lake linapita wao walikuwa wanaitazama ngoma. Nawe sasa umelisikia, usilisahau.

Siku hizi wimbo umerudi. Vijana wanaucheza kwenye TikTok, wasichana waliozaliwa baada ya 2006, na wanaucheza vizuri, pengine kuliko sisi, kwa kuwa ngoma nzima wanaiona, mbele, nyuma, taratibu, mara elfu wakitaka. Hakuna kiboksi kitupu. Mtu anajifungia chumbani, dakika chache ameiweza, anaituma, amemaliza. Mambo lazima yaende, na mimi si wa kumzuia mtoto kufurahi. Ninachokisikitikia ni ile njia ya kuifikia: kuulizana, kubishana mkono upi unatangulia, kumngoja mwenye daftari, kumbembeleza mwenye haya. Ngoma tunayo. Kufundishana ndiko kunakopungua.

Mwezi uliopita mjukuu wa dada yangu alinijia uani na simu. "Shikamoo babu. Unaijua hii?" Akanionyesha, akacheza, kidole juu, viuno vyote mahali pake. Nikampigia makofi, maana alistahili. Kisha nikamwambia: vizuri, lakini hii ni ya watu watano, mjukuu wangu, wewe umecheza moja ya tano. Akanitazama utadhani nimemdai hela. Nikamsimulia habari za Yuki asiyecheka na Kyon anayenuna. Akaondoka, na baada ya Alasiri alirudi na wenzake watatu wa mtaani na mtoto wa fundi baiskeli, anayeburutwa, anayesema hajui, ana kazi, ameitwa na baba yake. Huyo sikumwuliza atacheza kama nani. Waliobaki walianza kugombania nani asimame mbele, na ugomvi ule umeendelea wiki nzima. Kila jioni wanakuja na sababu mpya. Sijawaamulia wala sitawaamulia. Wakishapatana watakuwa wameujua mtindo.